Stata Mpya, Kelele Ileile: Kutafuta Chanzo kati ya Stata na Fleksipleti kwenye Gia Boksi za Otomatiki za Zamani

Mwenye gari la zamani la Kimarekani hubadilisha stata, akasikia mkwaruzo uleule, akabadilisha tena, na kelele ikabaki. Mara nyingi stata haina kosa lolote. Magari haya yamepita mikononi mwa watu wengi: injini ni ya mwaka mmoja, gia boksi ya mwaka mwingine, na fleksipleti iliokotwa popote ilipopatikana. Kila kipande ni kizima kikiwa peke yake, ila vikikutanishwa havielewani. Kwa hiyo ombi langu kwa yeyote anayehangaika na jambo hili ni moja: usinunue stata ya pili kabla ya kuhesabu meno ya fleksipleti na kupima mwanya kati yake na meno ya stata.

Kwa asiyeifahamu vizuri, fleksipleti ni lile bamba jembamba la chuma linalofungwa nyuma ya krenkishafti (krenki, mhimili mkuu wa injini) mahali ambapo gari la gia za mkono lingekuwa na flaiwili. Kwenye Chevrolet na Ford bamba hili hubeba ringi ya meno ambayo pinioni (gia ndogo iliyo kwenye pua ya stata) huiuma, na konvata ya gia boksi, ile ngoma ya mafuta inayopitisha nguvu ya injini, hufungwa kwenye bamba hilohilo. Likikaa vibaya, stata huumia, pampu ya gia boksi huumia, na injini hutetemeka. Ndiyo maana dalili zake huwapotosha watu.

Anza na sauti, na wakati inapotokea

Msaidizi apige stata huku wewe ukisikiliza, na mtofautishe nyakati tatu: injini ikiwa inazungushwa na bado haijawaka, injini inapowaka tu na ufunguo unaachiwa, na stata inapopunguza mwendo hadi kusimama.

Mlio mwembamba wa juu wakati injini inazungushwa, kisha gari likawaka vizuri, kwa kawaida unamaanisha pinioni iko mbali mno na ringi. Meno yanashikana kwenye ncha tu. Mlio kama huo ukija baada ya injini kuwaka, wakati ufunguo unaachiwa, pinioni iko karibu mno na inachelewa kujitoa. Wengi huzichanganya dalili hizi mbili, wakaongeza shimu (vibamba vyembamba vya kusogeza stata) pale palipohitaji kupunguzwa, na kelele ikazidi. Mpe muda msaidizi wako arudie mara kadhaa mpaka uwe na hakika ni wakati upi.

Sauti nzito ya kuvuma, kama ya king'ora kinachopanda, injini ikiwa imewaka na ufunguo bado umeshikiliwa, hutoka kwenye klachi ya bendeksi iliyokufa, yaani ile sehemu inayobeba pinioni. Hapo badilisha bendeksi au stata yenyewe. Mngurumo au kugonga stata inapojisimamisha ni dalili ya amecha (sehemu inayozunguka ndani ya mota ya stata) iliyopinda au isiyo na uwiano. Shimu haitaponya lolote kati ya haya mawili.

Mkwaruzo mkali mwanzoni kabisa, kisha stata ikashika au ikazunguka patupu, una visababishi vingi zaidi, na sehemu kubwa ya maelezo yanayofuata inahusu huo.

Kabla hujaingia chini ya gari, hakikisha umeme si tatizo. Betri dhaifu au ethi yenye kutu huifanya solenoidi (swichi ya sumaku ya stata) isukume pinioni nusu nusu, na meno hukwaruzana hata kama vipimo vyote viko sawa. Pima volti kwenye stata yenyewe wakati inazungusha. Ikishuka chini ya 9.6, shughulikia betri, nyaya na ethi ya injini kwanza.

Chevrolet: 153 au 168

Hapa ndipo matatizo mengi yanapozaliwa, kwa hiyo tukae kidogo. Injini za V8 za Chevrolet zilitumia fleksipleti za ukubwa wa aina mbili. Ndogo ina meno 153 na kipenyo cha inchi 12¾ hivi. Kubwa ina meno 168 na kipenyo cha karibu inchi 14. Tofauti ya kipenyo ikigawanywa pande mbili, ukingo wa ringi husogea takribani milimita 16 kutoka katikati. Hakuna shimu inayoweza kuziba pengo hilo.

Stata nazo zimegawanyika. Ya meno 153 ina matundu ya bolti yaliyopangika sambamba na ringi. Ya meno 168 ina matundu yaliyopishana, moja limesogea mbele kuliko jingine. Bloku nyingi zimetobolewa kwa mipangilio yote miwili, na pua za stata nyingi za kisasa zilizo ndogo pia zina matundu ya aina zote mbili. Urahisi huo ndio mtego wenyewe: stata inafunga vizuri, bolti zinakaza, na kumbe imewekwa kwenye mpangilio usiolingana na fleksipleti iliyomo.

Stata iliyowekwa kwa ajili ya meno 168 ikikutana na ringi ya 153, pinioni haifiki. Utasikia mota ikizunguka kwa kasi bila kugusa kitu. Kinyume chake, pua ya stata hugonga ringi na haikubali kukaa bapa kwenye bloku. Ukiona mtu anakaza bolti kwa nguvu ili ivutike mahali pake, mzuie, kwa sababu sikio la bloku linaweza kupasuka, na hasara hiyo ni kubwa kuliko ya stata kumi.

Kuhesabu meno si kazi ngumu. Toa kifuniko cha chini cha konvata, weka alama ya chaki kwenye jino moja, zungusha krenki kwa spana kwenye bolti ya puli ya mbele, na hesabu mpaka alama irudi. Usiamini maneno ya aliyekuuzia gari wala namba iliyoandikwa kwenye risiti. Ukiwa hapo chini, angalia hali ya meno kuzunguka ringi nzima. Injini ya V8 hupenda kusimama kwenye sehemu zilezile nne, kwa hiyo meno huliwa kwenye sehemu nne. Injini ya silinda sita huyala sehemu tatu. Fundi anayetazama meno machache yaliyo mbele ya macho yake anaweza kuona ringi safi kabisa na kuliacha tatizo robo ya mzunguko mbele. Gari linalokataa leo na kuwaka vizuri kesho huwa na ringi ya namna hii mara nyingi.

Bolti za stata

Bolti za stata ya Chevrolet si bolti za kawaida. Zina ukubwa wa inchi ⅜ na nyuzi 16 kwa inchi, na sehemu ya shingo ina mikwaruzo maalumu inayobana kwenye tundu ili kuiweka stata katikati sawasawa. Ukitumia bolti ya kawaida ya ukubwa huohuo, inaingia na kukaza, lakini stata inabaki na nafasi ya kucheza kidogo pembeni. Mchezo huo mdogo unatosha kubadilisha mwanya wa meno kila unapopiga stata. Leo kimya, kesho kelele.

Pamoja na hizo kuna kibano kidogo kinachoshika mkia wa stata kwenye bloku. Kiwandani kiliwekwa, na kwenye magari mengi kimepotea kwa sababu kinasumbua kurudisha. Bila kibano hicho uzito wote wa stata ndefu unaning'inia kwenye bolti mbili. Kama umewahi kukutana na bolti ya stata iliyokatika bila sababu, tafuta kibano hicho kabla ya kulaumu bolti.

Kupima mwanya wa meno

Hiki ndicho kipimo ambacho watu hukikwepa, na ndicho kinachomaliza ubishi. Toa waya wa ethi kwenye betri kwanza. Inua gari, liweke kwenye stendi imara, na usitegemee jeki peke yake.

Pinioni ikiwa imepumzika, uso wake unapaswa kuwa mbali na ringi kwa takribani milimita 1.5 hadi 3. Chini ya hapo itaisugua ringi injini ikiwa inatembea. Zaidi ya hapo huenda isiingie kwa kina cha kutosha. Sasa vuta pinioni kwa bisibisi mpaka iingie kwenye ringi. Inapaswa kufunika karibu upana wote wa jino. Ukiona ringi imeliwa kwenye ukingo wa mbele tu na sehemu nyingine bado ina rangi yake ya asili, kina ndicho kibaya, na tatizo ni fleksipleti iliyogeuzwa au stata isiyo ya injini hiyo.

Pinioni ikiwa ndani, panga jino lake liwe katikati ya bonde la meno mawili ya ringi. Pima nafasi kati ya ncha ya jino la pinioni na sakafu ya bonde hilo. Lengo ni inchi 0.020 hadi 0.035, yaani kama nusu milimita hadi milimita 0.9. Waya wa klipu ya karatasi unakaribia mpaka wa juu wa kipimo hicho, na ni kifaa kizuri pale fila geji (vibamba vya kupimia mwanya) isipoweza kujipinda kuingia. Rudia sehemu nne kuzunguka ringi. Kama mwanya unatofautiana sana kutoka sehemu moja hadi nyingine, fleksipleti imepinda au haikukaa katikati ya krenki, na hapo achana na shimu kabisa. Shimu hutibu stata iliyo mbali au karibu. Haiwezi kutibu ringi inayoyumba.

Kama mwanya ni mdogo mno na uko sawa pande zote, weka shimu chini ya bolti zote mbili. Stata hushuka na pinioni husogea mbali na ringi. Kama ni mkubwa mno, kwenye stata zenye bolti zilizo sambamba unaweza kuweka shimu chini ya bolti ya nje peke yake. Stata huinama na pua yake kusogea kuelekea ringi. Pima upya baada ya kila shimu, maana unene wa shimu hauwi sawa na badiliko la mwanya. Ukifika shimu ya tatu na bado hujapata kipimo, rudi ukahesabu meno. Kuna kitu kisicholingana.

Konvata inayokataa kurudi nyuma

Baada ya kufunga gia boksi kwenye injini, na kabla ya kufunga bolti za konvata, konvata inapaswa kuzunguka kwa mkono na kusogea mbele na nyuma kidogo. Ikiwa imesukumwa nyuma kabisa, pengo kati yake na fleksipleti kwa gia boksi za GM (kampuni mama ya Chevrolet) kama Powerglide, TH350 na TH400 liwe kati ya inchi ⅛ na 3/16, sawa na milimita 3 hadi 5. Hapo ndipo unapoivuta mbele na kuifunga.

Pengo likizidi, weka washa zenye unene sawa kwenye kila bolti, usawa huo ukiwa wa lazima. Pengo likiwa halipo kabisa, simama. Usiwashe injini. Huenda konvata haikuingia kwenye meno ya pampu, na ukikaza utaivunja pampu kabla ya gari kusogea hata hatua moja. Konvata inapoingizwa kwenye gia boksi hushuka kwa hatua, ukiizungusha na kuisukuma, na kila hatua utaisikia kwa mkono. Nyuso mbili za belihauzi (kasha la mbele la gia boksi) na bloku zinapaswa kukutana kwa kusukuma kwa mkono tu. Zikihitaji kuvutwa kwa bolti, kitu fulani ndani hakijakaa mahali pake.

Sababu nyingine ya kukosa pengo ni fleksipleti iliyofungwa kinyume. Bamba hili lina upande wa injini na upande wa gia boksi, na baadhi yake yana maandishi ya kuonyesha hivyo. Likigeuzwa, ringi husogea kuelekea bloku au mbali nayo, kwa hiyo dalili huja mbili pamoja: konvata haina nafasi na stata inakwaruza. Ukiona hizo mbili kwa wakati mmoja, usipoteze muda kwenye stata.

Angalia pia mduara wa bolti za konvata. TH350 kwa kawaida hutumia mduara wa inchi 10.75 na TH400 inchi 11.5. Fleksipleti nyingi za meno 168 zina matundu ya miduara yote miwili. Bolti za konvata zisiwe ndefu kuliko zilivyopaswa, kwani bolti ndefu huubonyeza uso wa konvata kutoka nje na kuuharibu bila wewe kuona. Zikaze kwa takribani futi-pauni 35, na zile za fleksipleti kwenye krenki kwa takribani 60.

Wapo wanaofunga gia boksi ya zamani nyuma ya injini mpya za GM za familia ya LS. Kwenye nyingi ya injini hizo, uso wa nyuma wa krenki uko mbele zaidi kwa takribani inchi 0.400 kuliko ule wa Chevrolet ndogo ya zamani. Bila kipande cha kujazia na fleksipleti iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, shingo ya konvata haishikwi na krenki, na konvata inayoning'inia kwenye bamba jembamba peke yake haidumu.

Mtetemo ulioanza baada ya kubadilisha fleksipleti

Stata inafanya kazi, hakuna kelele, lakini injini inatetemeka kadiri mizunguko inavyopanda, hata gari likiwa limesimama. Hapo ni uwiano wa uzito.

Kwa Chevrolet ndogo, mwaka wa kukumbuka ni 1986. Mwaka huo krenki ilipata sili ya nyuma ya kipande kimoja, na mduara wa bolti za fleksipleti ukapungua kutoka inchi 3.58 hadi 3.00. Fleksipleti za zamani na mpya haziingiliani, jambo ambalo ni heri, maana zile za mwaka 1986 na kuendelea zina uzito uliowekwa kufidia chuma kilichoondolewa kwenye krenki. Hatari iko kwenye injini ya inchi za ujazo 400, iliyotengenezwa kati ya 1970 na 1980. Hiyo hutegemea uzito ulio kwenye fleksipleti na kwenye dampa ya mbele (gurudumu la kupunguza mtetemo). Fleksipleti ya 350 ya kabla ya 1986 huingia kwenye krenki yake bila shida yoyote, kisha injini ikajitetemesha mpaka beringi zife. Injini kubwa ya 454 nayo inahitaji fleksipleti yenye uzito, tofauti na 396 na 427 za familia hiyohiyo.

Ford ina mtego wake. Injini ya 302 ilitumia uzito wa kusawazisha wa aunsi-inchi 28 kwa miaka mingi, kisha ikahamia 50 mwanzoni mwa miaka ya 1980, huku 351 Windsor ikibaki na 28. Fleksipleti na dampa lazima ziwe za namba moja.

Ford na stata ya kina kisicho sahihi

Ford ndogo ina fleksipleti za meno 157 na 164, na belihauzi ya gia boksi ya C4 ilitengenezwa kwa ukubwa tofauti kuzifuata. Kosa linalojirudia ni kuweka stata ya gari la gia za mkono. Pua ya stata ya otomatiki ina kina cha takribani inchi ¾, ile ya gia za mkono takribani ⅜. Kwa macho zinafanana sana, na bolti zinaingia, lakini pinioni inaishia njiani.

Kisha kuna lile bamba la chuma linalokaa kati ya injini na gia boksi. Watu hulitupa wakidhani ni kifuniko cha vumbi. Tundu lake ndilo linaloiweka pua ya stata katikati. Likikosekana, stata hukaa popote bolti zinapoiruhusu, na mwanya wa meno hubadilika kila inapofunguliwa na kufungwa. Kama bamba limepinda, linyooshe au tafuta jingine.

Chrysler ni habari nyingine

Kwenye gia boksi za Chrysler za TorqueFlite 904 na 727, ringi ya meno haiko kwenye fleksipleti. Imechomelewa kwenye konvata. Kwa hiyo meno yakiliwa, kubadilisha fleksipleti hakusaidii kitu. Kinachobadilishwa ni konvata, au ringi ichomelewe upya na mtu anayejua kuiweka katikati. Injini ya 360 nayo inategemea vipande vya uzito vilivyochomelewa kwenye konvata, kwa hiyo konvata ya 318 haiwezi kuwekwa hapo bila kurekebisha uwiano.

Moja ya matundu manne ya bolti za konvata limesogezwa makusudi ili vipande vikae kwa namna moja tu. Bolti tatu zikiingia na ya nne ikakataa, zungusha konvata mpaka zote nne zilingane. Usitanue tundu kwa drili.

Kugonga kunakofanana na kufa kwa injini

Fleksipleti iliyopasuka hugonga kama beringi ya krenki iliyokufa, na injini nzima zimefunguliwa kwa sababu hiyo. Tofauti ni kwamba kugonga huku mara nyingi hubadilika au kutoweka unapoingiza gia au kuongeza mzigo. Toa kifuniko cha chini na umulike kwa tochi kuzunguka bolti za krenki, huku ukizungusha injini kwa mkono. Nyufa huanzia hapo, wakati mwingine zikiwa zimejificha chini ya vichwa vya bolti.

Ukikuta ufa, usiweke bamba jipya kabla ya kutafuta kilicholipasua la kwanza. Tazama pini mbili za kuelekeza zilizo nyuma ya bloku. Zikikosekana, gia boksi inashikwa na bolti peke yake, haikai katikati ya krenki, na bamba linapindwa kila mzunguko. Kama pini zipo na bado bamba jipya linapasuka, pima kwa saa ya dayali kama tundu la belihauzi liko katikati ya krenki. Pini zilizosogezwa kidogo hutengenezwa kwa ajili ya kurekebisha hilo, zikiwa na tofauti ya inchi 0.007, 0.014 au 0.021.

Inakataa ikiwa moto tu

Stata inayozungusha vizuri asubuhi na kulemewa injini ikiwa moto huhukumiwa haraka kuwa imechomwa na bomba la egzosi lililo karibu. Huenda ni kweli. Pima kwanza volti kwenye stata wakati inazungusha ikiwa moto. Volti zikiwa chini, joto limeongeza ukinzani kwenye nyaya au solenoidi, na ngao ya joto pamoja na waya mnene vitasaidia. Volti zikiwa nzuri na bado inazunguka kwa kulemewa, subiri injini ipoe, rudi chini ya gari na upime mwanya upya. Mwanya ulio kwenye mpaka wa chini injini ikiwa baridi unaweza kuwa finyu mno vyuma vinapopanuka, na shimu moja chini ya bolti zote mbili inaweza kutosha.